Siku ya Mtoto Huanzia Jioni: Kupanga Ratiba ya Mtoto wa Chekechea



Katika masomo yaliyotangulia tulizungumzia vifurushi, ving'amuzi na utaratibu wa kuwasilisha malalamiko. Somo hili linahusu jambo ambalo yumkini hukutarajia kulikuta katika kijitabu cha chombo cha udhibiti: usingizi na mchezo wa mtoto wa miaka mitano. Tumeliingiza kwa sababu moja. Wazazi wanapotuuliza wafanyeje ili watoto wao wadogo wasishinde kwenye simu au mbele ya runinga, aghalabu swali lao hukihusu kifaa: kifungwe vipi, namba ya siri iwekwe wapi. Majibu ya maswali hayo yapo, nasi tumeyaweka katika sehemu ya nne ya somo. Lakini kifaa kikifungwa bila siku ya mtoto kupangwa, saa zilizokuwa za simu hubaki tupu, na saa tupu huirudisha simu mkononi. Kwa hiyo tunaanza na siku nzima ya mtoto, kisha tutakitafutia kifaa nafasi yake ndani ya siku hiyo.

Baada ya kusoma somo hili, tunatarajia mzazi au mlezi ataweza kufanya mambo matatu: kukokotoa saa za usingizi anazozikosa mtoto wake, kupanga ratiba inayotekelezeka katika nyumba yake, na kuuliza maswali yanayofaa kabla ya kulipia huduma inayogusa ratiba hiyo.

1. Hesabu ya saa 24

Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kuhusu michezo, ukaaji na usingizi wa watoto wa chini ya miaka 5. Kwa mtoto wa miaka 3 na 4, mwongozo huo unapendekeza mambo yafuatayo katika kila saa 24:

(a) Usingizi wa saa 10 hadi 13, ukijumuisha ule wa mchana, na muda wa kulala na kuamka usiwe wa kubadilikabadilika.

(b) Kucheza na kuushughulisha mwili kwa dakika zisizopungua 180, na angalau dakika 60 kati ya hizo ziwe za mchezo wa nguvu, kama vile kukimbia na kuruka.

(c) Kutazama skrini akiwa amekaa kusizidi saa 1, na ikipungua hapo ni bora zaidi.

Mtoto akitimiza miaka 5 mwili wake haubadiliki siku ya kuzaliwa kwake. Wataalamu wa usingizi humhesabia naye saa 10 hadi 13.

Sasa tuchukue mfano wa mtoto wa miaka mitano anayesoma darasa la awali katika mji mkubwa. Masomo huanza saa 2:00 asubuhi, lakini gari la shule huzunguka mitaa mingi, na kwake hupita saa 12:00. Hana budi kuamka saa 11:00 alfajiri. Jioni, familia husubiri baba au mama arejee kazini. Chakula huwa tayari baada ya taarifa ya habari ya saa 2:00 usiku, kisha hufuata tamthilia. Mtoto hulala saa 4:00 usiku, mara nyingi kwenye kochi.

Tuhesabu. Kutoka saa 4:00 usiku hadi saa 11:00 alfajiri ni saa 7. Tukiongeza saa 1 anayosinzia mchana, jumla ni saa 8. Pengo kati ya alichopata na kiwango cha chini ni saa 2 kwa siku. Kwa siku 5 za shule, pengo hilo ni saa 10, yaani sawa na usiku mzima mmoja. Ifikapo Ijumaa, mtoto huyu ni kama amekesha usiku mmoja, na hakuna aliyemwona akikesha.

Mtoto wa umri huo hasemi kuwa amechoka. Huonyesha kwa kulia bila sababu, kugombana na wenzake, kukataa uji asubuhi, au kukimbia ovyo wakati ambapo mtu mzima angejilaza. Mwalimu humwita mtundu, mzazi humwita mkaidi, na simu hutolewa ili atulie. Hapo ndipo mduara unapokamilika: uchovu huita simu, simu husogeza usingizi, na usingizi uliosogea huzaa uchovu wa kesho.

2. Kwa nini tuanzie jioni

Wazazi wengi hupanga ratiba kuanzia asubuhi: mtoto aamke lini, avae nini, gari linafika saa ngapi. Ratiba ya namna hiyo hukamilika hadi saa za mchana, kisha jioni huachwa ijipange yenyewe. Wazee wa pwani wana hesabu inayotufaa zaidi. Kwao siku huanza jua linapotua. Usiku wa Ijumaa ni ule unaotangulia mchana wa Ijumaa. Tukiifuata hesabu hiyo, asubuhi njema ya Jumanne hutengenezwa Jumatatu magharibi.

Njia ni rahisi. Andika muda ambao mtoto hana budi kuamka. Rudi nyuma kwa saa za usingizi wa usiku anazohitaji. Hapo ndipo penye muda wa kulala, na mambo mengine yote ya siku hupangwa yakiuheshimu. Kwa mtoto wetu wa mfano, tukilenga jumla ya saa 11, mchana alale saa moja na nusu na usiku saa tisa na nusu. Kutoka saa 11:00 alfajiri, ukirudi nyuma saa tisa na nusu, unafika saa 1:30 usiku.

Ratiba yake inaweza kuwa hivi:

- Saa 11:00 alfajiri: kuamka, choo, kuoga, uji, kuvaa sare
- Saa 12:00 asubuhi: safari ya kwenda shule
- Saa 2:00 asubuhi hadi 6:00 mchana: masomo na michezo ya shuleni
- Saa 7:00 mchana: kurejea nyumbani, kunawa, chakula
- Saa 7:45 mchana: usingizi wa mchana
- Saa 9:15 alasiri: kuamka, tunda au maji, kutazama kipindi kwa nusu saa
- Saa 9:45 alasiri: kucheza nje na wenzake
- Saa 11:30 jioni: kazi ndogo ya nyumbani inayolingana na umri wake, kisha kuoga
- Saa 12:15 jioni: chakula cha jioni
- Saa 12:45 jioni: hadithi, mazungumzo, kuandaa mkoba wa kesho
- Saa 1:15 usiku: mswaki, choo, kitandani
- Saa 1:30 usiku: usingizi

Huu ni mfano tu. Mtoto anayesoma shule ya jirani anaweza kuamka saa 12:30 na kulala saa 2:30. Anayekwenda madrasa alasiri atasogeza mchezo mbele au nyuma. Kinachopaswa kubaki ni jumla ya usingizi, na mchezo wa nje ambao haukuuzwa kwa kitu kingine. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inataja haki ya kucheza na kupumzika pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu. Mtoto anayecheza rede au kujificha na wenzake uani hapotezi muda; anapata haki yake.

3. Mfuatano kabla ya saa

Mtoto wa chekechea hajui kusoma saa. Anachokijua ni kipi hufuata kipi. Anajua kwamba baada ya kuoga huja chakula, baada ya chakula huja hadithi, na baada ya hadithi huja kulala. Kwa hiyo ukimwambia "saa moja na nusu imefika" unamwambia neno lisilo na mwili, bali ukimwambia "hadithi imekwisha, sasa tunapiga mswaki" unamwambia jambo analoweza kuliona.

Mpe alama za kushika. Kwetu alama hizo si adimu, kwa kuwa jua huchomoza na kutua karibu wakati uleule mwaka mzima: adhana ya magharibi, kengele ya kanisa, kuku kuingia bandani, taa ya barazani kuwashwa. Unaweza pia kuchora picha sita kwenye karatasi, yaani beseni, sahani, kitabu, mswaki, choo na kitanda, ukaibandika ukutani palipo usawa wa macho yake. Mwache yeye aonyeshe picha inayofuata. Mtoto anayeongozwa na picha hubishana kidogo, kwa sababu amri haikutoka kwa mama wala kwa baba, imetoka ukutani.

4. Nafasi ya simu na runinga

Wengi wetu tumewasikia wazazi wetu wakikumbuka kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania Dar es Salaam. Kipindi kilikuwa na wakati wake; kilianza, hadithi ikasimuliwa, kikaisha. Mtoto hakulazimika kuamua kuacha, maana redio ilihamia jambo jingine. Video za kwenye intaneti hazina tabia hiyo. Moja ikiisha, nyingine hujianzisha yenyewe, na mtoto wa miaka mitano hana uwezo wa kuukata mkondo usio na mwisho. Hata mtu mzima huushindwa. Kwa hiyo kazi ya mzazi si kupiga marufuku tu. Ni kuurudisha mwisho ulioondolewa. Tunashauri yafuatayo:

(a) Pakua vipindi viwili vifupi unavyovijua, kisha zima data kabla ya kumpa mtoto simu. Vikiisha, vimeisha. Njia hii pia hulinda kifurushi chako na humzuia mtoto kuangukia maudhui usiyoyachagua.

(b) Zima mpangilio wa video kujiendeleza zenyewe. Kwa kawaida hupatikana katika mipangilio ya programu husika.

(c) Weka namba ya siri ya mzazi kwenye king'amuzi, na badilisha ile iliyokuja na kifaa kutoka dukani. Namba ya siri ya fedha za simu isitajwe mbele ya mtoto.

(d) Mwambie mapema kitakachofuata: "Kipindi hiki kikiisha tunatoka nje." Mtoto huacha kwa urahisi zaidi akiwa na pa kwenda.

(e) Saa moja kabla ya kulala, skrini ziwe zimezimwa. Usiitumie simu kama kibembelezi cha usingizi. Siku chaji ikiisha, usingizi nao hutoweka.

Maongezi ya simu na mzazi aliye safarini au kazini hatuyahesabu kuwa utazamaji. Hayo ni mazungumzo, na mtoto anayahitaji.

5. Tujitazame watu wazima

Mmoja wetu katika dawati la elimu kwa watumiaji aliamua kuijaribu hesabu hii nyumbani kwake kabla hatujaiandika. Kwa siku saba alirekodi muda ambao mtoto wake wa miaka mitano alilala, na pembeni akaandika kilichomchelewesha. Alitarajia orodha ya katuni. Alipoisoma mwishoni mwa wiki, katuni ilionekana mara moja. Siku nyingine nne kilichoandikwa ni tamthilia ya wakubwa, na siku mbili ni simu yake mwenyewe, aliyokuwa akiijibu huku mtoto akisubiri hadithi. Alituambia kwamba kilichomuumiza si idadi; ni kule kukumbuka kwamba mtoto alikuwa amekwisha kukileta kitabu.

Tunausimulia mfano huu kwa ruhusa yake, kwa sababu unagusa nyumba nyingi, zikiwamo zetu. Ratiba ya mtoto huvunjwa na watu wazima kabla haijavunjwa na mtoto. Wahenga walisema mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, nasi tunaongeza kwamba hulelewa pia na yale anayotuona tukiyafanya. Nusu saa ya jioni ambayo simu za wakubwa zimewekwa juu ya kabati hufundisha zaidi ya makatazo kumi.

6. Nyumba zetu zilivyo

Tunafahamu kwamba ushauri wa aina hii mara nyingi huandikwa kana kwamba kila mtoto ana chumba chake. Haiko hivyo. Tuzitazame hali tatu za kawaida.

*Familia inayoishi chumba kimoja.* Mtoto hulala palepale penye runinga na taa. Mwelekeze kichwa upande usio na mwanga, tundika kanga au pazia, punguza sauti, na anayetaka kutazama atumie visikilizia vya masikioni. Kimya kamili si lazima. Kinachosaidia ni mwanga kupungua na jambo lilelile kufanyika kila usiku.

*Mzazi anayerejea usiku.* Inauma kufika nyumbani na kumkuta mtoto amelala, na wazazi wengi humchelewesha makusudi ili waonane. Tunaielewa hamu hiyo, ila gharama yake huilipa mtoto asubuhi. Itafute saa yenu mahali pengine: uji wa alfajiri uwe wako, au piga simu saa 1:00 usiku umtakie usiku mwema, na mwisho wa wiki umsimulie hadithi mbili badala ya moja.

*Mtoto anayeangaliwa na msaidizi wa nyumbani au bibi.* Mara nyingi dada hukabidhiwa jukumu bila kukabidhiwa mamlaka. Akizima runinga, mtoto hulia, mama hupiga simu na kusema "mwache tu." Kaeni pamoja, muisome ratiba, mkubaliane, kisha umuunge mkono mbele ya mtoto. Bibi naye aombwe kwa heshima yake. Ni vigumu kumpata msimulizi wa hadithi za jioni aliye bora kuliko yeye.

7. Siku zinazovunja ratiba

Kutakuwa na msiba, harusi, wageni, mwezi wa Ramadhani, mvua iliyofunga barabara na umeme uliokatika. Siku hizo msing'ang'anie saa, shikeni mfuatano. Hata kama mtoto ameoga saa 3:00 usiku kwa jirani, na afuate beseni, sahani, hadithi, mswaki, kitanda. Kesho yake rudini kwenye muda wenu. Ikiwa muda wa sasa uko mbali na mnaoutaka, usogezeni kwa dakika 15 kila baada ya siku mbili au tatu. Mtoto aliyezoea saa 4:00 hatalala saa 1:30 kwa amri ya siku moja.

Mtoto akikoroma sana kila usiku, akiamka mara kwa mara kwa shida ya kupumua, au akiendelea kuchoka ijapokuwa analala vya kutosha, mpelekeni kituo cha afya. Ratiba si tiba.

8. Maswali ya kuuliza kabla ya kulipia

Mtumiaji aliyepanga siku ya mtoto wake huingia dukani au shuleni akijua anachokitafuta. Uliza:

- Kwa shule na usafiri: Gari litapita kwetu saa ngapi, na mtoto atakaa ndani yake kwa muda gani? Je, njia inaweza kupangwa ili wadogo wachukuliwe mwisho? Je, watoto wa awali hupewa muda wa kupumzika?
- Kwa king'amuzi: Je, kina kufuli la mzazi? Namba yake hubadilishwaje? Fundi akuonyeshe kabla hajaondoka.
- Kwa simu au kishikwambi: Je, kina mpangilio wa kuweka kikomo cha muda wa matumizi?
- Kwa kifurushi: Je, kinajiunga upya chenyewe? Kinasitishwaje?

Ukigundua umekatwa fedha kwa huduma ambayo mtoto ameibonyeza bila kujua, wasiliana kwanza na mtoa huduma wako, uombe namba ya kumbukumbu ya lalamiko na kuitunza. Usiporidhika na majibu, au usipojibiwa, lilete lalamiko kwetu pamoja na namba hiyo.

Zoezi la wiki moja

Chukua karatasi, uchore safu nne: siku, muda wa kulala, muda wa kuamka, kilichochelewesha. Jaza kwa siku saba bila kubadilisha chochote na bila kumlaumu mtu. Siku ya nane, jumlisha saa za usingizi, zikiwamo za mchana, ulinganishe na saa 10. Kisha chagua kitu kimoja tu kutoka safu ya nne, ukiondoe wiki inayofuata.

Kimoja kinatosha kwa kuanzia. Dakika 30 zikiokolewa kila siku ni saa tatu na nusu kwa wiki, na hizo mtoto atazirudisha kwa njia utakazoziona: atamaliza uji wake, ataimba ndani ya gari, na atakuja na kitabu mkononi jua likizama, kabla hujamwita.